Kompyuta Imemwona

Naichukia ile tamthilia ya polisi inayoonyeshwa kila jioni, na asitokee mtu wa kuniambia nipunguze ukali. Namchukia mpelelezi mwenye koti refu ambaye hatoki jasho. Namchukia zaidi binti wa miwani anayekaa mbele ya ukuta mzima wa skrini, akigonga vibonye mfululizo bila kugusa kipanya hata siku moja. Mpelelezi anasimama nyuma yake na kumwambia, kwa Kiswahili kilichobandikwa juu ya midomo isiyolingana nacho, akuze hapo. Binti anakuza. Anaambiwa asafishe. Anasafisha. Basi kwenye picha ya ukungu iliyopigwa na kamera ya kituo cha mafuta, mvua inanyesha, unatokea uso wa muuaji pamoja na chunusi zake. Siku moja walikuza jicho la paka wakasoma ndani yake namba za gari. Niliangua kicheko. Kaka yangu alinigeukia akaniomba ninyamaze apate kusikia.

Kaka aliamini kila kitu kilichofanywa na yule binti, na kuamini huko ndiko kulikommaliza. Nataka watu wajue alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu siku hizi wakimtaja hawasahau kuongeza neno mwizi.

Alikuwa mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya maji: mabomba, koki, matangi, pampu na vikorokoro vyote vya kuunganisha kimoja na kingine. Aliingia pale akiwa kijana wa kupakua malori, akapanda polepole mpaka akakabidhiwa funguo. Fundi bomba akimletea kipande cha koki kilichokatika, kaka alikigeuza vidoleni, akamwambia ni nusu inchi au ni robo tatu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu yenyewe bila kusoma maandishi. Kabla ya kupokea karatasi ya mteja alifuta mikono kwa kitambaa alichokitundika kiunoni. Mteja akitaka kununua kitu kisichomfaa, kaka alimwambia pale pale, hata kama bosi anasikia. Kwa mambo ya mabomba hakuyumba.

Kwa mambo ya watu, Mungu anisamehe, alikuwa laini kupita kiasi. Mtu akimruka kwenye foleni alisogea, akasema labda mwenzake ana haraka. Mwenye sauti kubwa alimwona ndiye mwenye haki. Mama yetu alizoea kusema kwamba mimi niliyemfuata kuzaliwa nilichukua ulimi wangu na wa kaka, nikaondoka na zote mbili. Ni kweli, na sijutii.

Mke wake alipofariki, watoto wao wakiwa wameshaondoka kujitegemea, nilimwambia aje tukae pamoja. Akaja na begi lake na redio moja mbovu. Kila jioni alirudi kazini, akaoga, akakaa upande ule ule wa kochi, akashika rimoti. Wakati wa matangazo ya biashara alinisimulia kilichotokea kwenye tamthilia, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale naona. Nilipombishia kwamba mambo hayo hayawezekani, alitikisa kichwa kwa upole na kusema sayansi imefika mbali, mdogo wangu.

Tatizo ni kwamba mimi picha ndiyo kazi yangu. Nina studio ndogo karibu na stendi: napiga picha za pasipoti, nachapa kadi, nakuza picha za marehemu za kuweka mbele ya jeneza. Tangu tamthilia hiyo ianze, wateja walinitoa roho. Mtu analeta picha ya harusi ya watu mia, ananionyesha shangazi yake aliyesimama nyuma kabisa, kichwa chake kikiwa na ukubwa wa punje ya mchele, anataka nimkuze mpaka afae kutundikwa sebuleni. Nikikuza, picha inavunjika, yanabaki masanduku ya rangi. Mteja ananitazama kwa dharau. Ananiambia kwenye tamthilia wanaweza. Nilichoka kueleza kwamba kamera ikishindwa kuona kitu siku ile, kitu hicho hakimo, na hakuna wa kukitia baadaye.

Kisha zikaja programu za simu zinazojidai kusafisha nyuso. Nikajaribu moja. Mwanamke mmoja aliniletea picha ya marehemu mama yake, bibi aliyekuwa hana meno ya mbele, anacheka kwa mbali uani. Programu ikafikiri kidogo, ikatoa bibi mwenye meno yote, meupe, yamepangika. Mwanamke aliitazama, akasema huyu si mama, huyu ni mtu wa kutangaza dawa ya meno. Tulicheka wote wawili. Lakini nililishika jambo moja siku ile: mashine ile haisafishi, inachora. Inatazama ukungu na kubuni uso wa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Niliporudi nyumbani nilimsimulia kaka. Akasema pengine programu yangu ni ile ya bure.

Sasa wizi wenyewe. Siku moja lori lilishusha pampu mpya ghalani, zikaachwa kwenye maboksi chini ya kibanda cha nje kwa sababu stoo ilikuwa imejaa. Ghala lilifungwa jioni kama kawaida. Kabla mlinzi wa usiku hajaingia zamu, mtu alikata waya wa uzio upande wa nyuma, akabeba alichoweza. Saa hiyo kaka alikuwa kwenye kochi langu, rimoti mkononi, anamtazama binti wa miwani.

Pale ghalani kulikuwa na kamera, na kamera hizo zilifungwa na mtu waliyemwita Mtaalamu. Huyu simpendi na sitajifanya nampenda. Alikuwa akikarabati kompyuta za ofisi na kubadilisha wino wa printa, kazi halali isiyo na aibu, lakini ilikuwa haimtoshi. Tangu tamthilia ianze alinunua miwani isiyo na nguvu yoyote, akawa anagonga vibonye kwa kishindo hata akiandika jina lake. Ukimuuliza kwa nini mtandao umekatika, anakaza macho na kusema apewe dakika. Kamera ya kibandani aliipandisha juu kabisa ya nguzo, buibui wakajenga nyumba mbele ya kioo chake, na hakuna aliyewahi kupanda kuifuta. Ilichokiona jioni ile ni mtu mwenye kofia na koti la kazi la bluu, na mahali pa uso palikuwa na doa. Koti kama hilo alipewa kila mfanyakazi.

Asubuhi yake bosi aliwakusanya wafanyakazi wote ofisini, akawaonyesha picha. Watu walitazama lile doa, wakatazamana. Bosi ni mwanamke wa makamo, mwenye ghala na mwenye sauti, naye aliuliza kama kuna mwenye la kusema. Hapo ndipo kaka yangu, mtu asiyefungua kinywa mkutanoni, aliponyoosha mkono. Alisema picha inaweza kukuzwa na kusafishwa. Alisema ameona inavyofanywa. Nikikumbuka hilo natamani kulia na natamani kumzaba kofi, vyote kwa mpigo.

Bosi naye alikuwa mpenzi wa tamthilia ile ile. Akamgeukia Mtaalamu, akamuuliza kama anaweza. Mwanamume mkweli angesema hapana. Mtaalamu alivuta kiti, akarekebisha miwani, akasema apewe dakika. Wafanyakazi wakajazana nyuma yake. Aliikata sehemu ya kichwa, akaipitisha kwenye programu ya simu, ile ile iliyompa bibi meno, kisha akairudisha kwenye skrini kubwa. Wanasema kaka alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu.

Uso ukatokea. Uso wa mwanamume mtu mzima, mashavu ya kawaida, pua ya kawaida, macho yanayotazama mbele. Baadaye niliuona kwa macho yangu, na naapa ungefaa kuwa wa yeyote kati ya wanaume waliokuwa mle ndani, au wa dereva wa lori, au wa mume wa bosi. Kisha karani wa mauzo akasema, taratibu tu, mbona kama mtunza stoo. Basi. Baada ya hapo kila mtu aliona, na waliokuwa hawajaona walionyeshwa. Nikimuuliza yule karani leo, atasema hakuwa na nia mbaya. Siulizi.

Kaka alirudi nyumbani kabla ya mchana. Nilikuwa nimekuja kuchukua chaja, nikamkuta amekaa kwenye kiti cha jikoni, bado amevaa viatu. Aliniambia wamemsimamisha. Bosi amempa mpaka Jumatatu: akiri na aondoke kimya kimya, kwa heshima ya miaka aliyofanya kazi, au jambo lipelekwe polisi. Nilimuuliza amejibu nini. Akasema kuhusu hilo bado hajajibu. Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia kwamba saa hiyo alikuwa nyumbani na mimi. Akasema aliwaambia, wakamjibu kwamba dada mtu lazima amtetee nduguye.

Damu ilinichemka. Nilimweleza tena habari ya bibi na meno, nikamwonyesha kwenye simu yangu. Nilimwambia Jumatatu naenda mimi, nitawatoa ujinga mbele ya macho yao. Alinisikiliza, akaitikia kila neno. Niliona ananielewa. Jumamosi na Jumapili alishinda kimya, na mimi nilifikiri ni uchungu wa kuonewa.

Jumatatu nilifunga studio nikaenda. Ofisi ya bosi iko juu ya duka, ngazi ya chuma, dirisha linalotazama uani. Bosi alinikaribisha kiti bila kutabasamu. Nilisema nataka na Mtaalamu awepo. Akaitwa, akaja na miwani yake, akaegemea kabati. Sikumsalimia.

Niliomba wanionyeshe picha za kamera ile ile, siku ile ile, lakini za mchana. Mtaalamu akaanza kuchonga, oo, taratibu za usalama haziruhusu. Bosi akamwambia afungue. Tulitazama mpaka nikaona ninachokitaka: gari jeupe linaingia uani, mwanamke anashuka, anatembea kuelekea ngazini. Kichwa chake kilikuwa doa kama lile la mwizi. Nikaomba picha isimamishwe. Nikaipiga kwa simu yangu, nikaikata kichwa, nikaipitisha kwenye programu mbele yao, nikaweka simu juu ya meza ya bosi.

Programu ilitoa mwanamke mwembamba, kijana, nyusi zimechongwa, midomo imepakwa rangi. Bosi mwenyewe, kwa heshima zote, ni mnene, na rangi ya mdomo sijawahi kumwona nayo.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni wewe, bosi. Hapo unashuka kwenye gari lako."

Aliishika simu, akaitazama kwa muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. Mtaalamu akasema inategemea mwanga. Akasema pia kwamba pembe ya kamera inachangia. Bosi hakumtazama. Alimwambia atoke nje na afunge mlango, naye akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliteremka ngazi bila kelele.

Sitaficha kwamba nilijiona nimeshinda. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu: kaka arudi kazini, aombwe radhi mbele ya wale wale waliomwona anatabasamu, na karani wa mauzo awe wa kwanza. Bosi alinirudishia simu. Alisugua paji la uso.

"Dada, picha hiyo naiweka pembeni. Nimekuelewa. Lakini kaka yako alinifuata jana baada ya ibada."

Nikasema jana alikuwa ametoka kunyoosha miguu.

"Alikuja kwangu nyumbani. Amekiri."

Nilimuuliza amekiri nini. Bosi alinijibu kwa uchovu, na kwa namna fulani kwa huruma, jambo lililonikera kuliko kama angenitukana. Kaka alimwambia kwamba hakumbuki kuchukua pampu. Alijaribu kukumbuka siku zote hizo, hakupata kitu. Lakini ikiwa kompyuta imemwona, yeye ni nani abishane nayo. Akaomba msamaha, akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani.

"Sasa mtu akikiri mwenyewe, mimi nifanyeje?" bosi akasema. "Nimrudishe stoo? Wenzake watanielewaje?"

Nilimwambia huko si kukiri. Nilimwambia mtu ametishwa na kikaragosi. Nilisema mengi, na mengine yalikuwa matusi. Bosi alisikiliza yote. Alisema polisi hatawaita, na hilo ndilo analoweza. Pampu hakuziulizia tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye haamini kaka aliiba; alitaka tu jambo liishe, na kaka alikuwa amempa pa kulimalizia. Nilipopita dukani, karani wa mauzo aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu.

Sikurudi studio. Nilizunguka mitaani mpaka hasira zikapungua kidogo, kwa sababu nilijua nikifika nyumbani nikiwa vile nitasema neno lisilorudishika. Nilipofika, kaka alikuwa ameshaoga. Alikuwa upande wake wa kochi. Tamthilia ilikuwa imeanza.

Nilisimama mbele yake. Nikamwambia nimetoka kwa bosi, na picha imeonekana ni ya uongo, na bosi mwenyewe amekubali. Nikamwambia mashine ilimchora bosi mwanamke mwingine kabisa. Alinisikiliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Basi kwa bosi imekosea," akasema.

"Na kwako imekosea, kaka."

"Watu wote mle ndani waliniona, mdogo wangu. Hata mimi nilijiona. Niliitazama ile picha nikasema moyoni, huyu ni mimi."

Nilikaa kwenye meza ya kahawa, magoti yangu yakigusana na yake. Nilimshika mikono. Ni mikono mikavu, yenye mipasuko ya miaka ya kushika chuma na gundi ya mabomba. Nikamwambia polepole, kama ninavyosema na mteja mzee asiyesikia vizuri, kwamba jioni ile alikuwa hapa. Alikaa hapa. Nilikuwa naye.

"Ulisinzia," akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimechoka, nikasinzia mwanzo wa kipindi, nikaamka kinakaribia mwisho.

"Nilisinzia mimi. Wewe hukusinzia. Wewe unajua ulikuwa wapi."

Alifikiri. Alifikiri kweli, niliona anavyotafuta, anavyorudi jioni ile na kuingia chumba kwa chumba, mtu aliyeweza kupata koki ya robo tatu gizani. Nilisubiri. Nilimwombea, mimi nisiyeomba mara kwa mara.

"Nakumbuka nilikuwa hapa," akasema mwishoni. "Lakini hiyo ni kumbukumbu yangu tu, mdogo wangu. Mimi si kamera."

Nyuma yangu nilisikia sauti ya mpelelezi ikimwambia binti akuze hapo, na vibonye vikaanza kugongwa. Kaka alitoa mikono yake kwenye yangu, kwa upole, akainyoosha shingo upande wa kushoto, kisha wa kulia. Akaniomba nisogee kidogo, nilikuwa namziba.